Akili ni Nywele: Kujiamini kwa Mhadhiri wa Kiswahili Mbele ya Darasa la Tamaduni Nyingi

Waswahili husema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii hukaririwa katika shule za msingi, hutungiwa insha katika shule za upili na huchambuliwa katika kozi za fasihi simulizi vyuoni. Hata hivyo, ni nadra kwa methali hiyo kuruhusiwa kuingia katika ukumbi wa mihadhara na kuuliza swali linaloihusu zaidi: iwapo kila kichwa kina nywele zake, mhadhiri anayesimama mbele ya vichwa mia mbili hushika kitana gani?

Mijadala kuhusu ufundishaji wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya imekuwa mingi. Pamezungumzwa uhaba wa vitabu, wingi wa wanafunzi, utata wa istilahi na athari za Sheng. Suala la kujiamini kwa mhadhiri limeachwa kando, kana kwamba aliyetunukiwa shahada ya uzamifu alipewa na ujasiri pamoja na joho. Ukweli ni kwamba shahada hiyo humthibitisha mtu kuwa mtafiti. Haimthibitishi kuwa anaweza kuwafundisha Mgiriama, Mturkana, Msomali, Mkisii na Mrundi katika saa moja, chini ya paa moja, na kila mmoja wao akatoka akihisi kwamba somo lilimhusu.

Makala haya yanashikilia kwamba kujiamini kwa mhadhiri katika darasa la namna hiyo hakutokani na kuzijua tamaduni zote, jambo ambalo haliwezekani. Hutokana na kuwa na njia ya kuuliza, ya kusikiliza na ya kukubali kurekebishwa mbele ya wanafunzi bila ya kuupoteza uongozi wa darasa. Mhadhiri asiye na njia hiyo hujificha, na anapojificha anayeumia ni mwanafunzi.

Darasa Lilivyobadilika

Mpaka mwaka wa 1983 Kenya ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu cha umma, Chuo Kikuu cha Nairobi. Kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya mwaka wa 1981, Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka wa 1984, na mwaka uliofuata mfumo wa 8-4-4 ukaanza kutekelezwa. Mfumo huo ndio uliokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Tangu hapo, kijana wa Lodwar au wa Mandera, ambaye pengine mzazi wake alikisikia Kiswahili sokoni au redioni tu, alilazimika kukutana nacho katika karatasi ya mtihani. Baadhi ya vijana hao walikipenda, wakakipasi na kukifuata hadi chuo kikuu.

Vyuo vyenyewe navyo vimetapakaa kutoka Kilifi hadi Kakamega, na kutoka Garissa hadi Narok. Shirika la kuwateua wanafunzi wa vyuo, KUCCPS, lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012, humpeleka mwanafunzi kulingana na alama zake, chaguo lake na nafasi zilizopo. Kwa hivyo, si ajabu kumkuta mtoto wa Kisii akisoma Pwani na mtoto wa Faza akisoma magharibi mwa nchi, kila mmoja akiwa mbali na mahali ambapo salamu, chakula na mzaha wake hueleweka bila ya maelezo.

Aidha, mipaka imelegea. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka wa 1999 na nchi tatu, iliwapokea Rwanda na Burundi mwaka wa 2007, Sudan Kusini mwaka wa 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka wa 2022 na Somalia mwaka wa 2024. Fauka ya hayo, kambi ya wakimbizi ya Kakuma imekuwapo tangu mwaka wa 1992, na wapo vijana waliolelewa humo wakaingia vyuoni. Kila mmoja wao huja na Kiswahili chake, na pamoja na Kiswahili hicho huja na adabu, dini, historia na jeraha lake.

Ikumbukwe pia kwamba darasa la Kiswahili si sawa na darasa la hisabati. Katika hisabati, kabila la mwanafunzi huketi kimya. Halihitajiki ili mlinganyo upate jibu. Katika Kiswahili utamaduni ndio maudhui yenyewe. Methali, vitendawili, nyimbo za harusi, matambiko, misimu na majina ya vyakula vyote huingia darasani kama sehemu ya somo. Mhadhiri hana ukuta wa kanuni wa kujikinga nyuma yake, na hapo ndipo ujasiri wake hujaribiwa.

Kujiamini ni Nini?

Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika makala aliyochapisha mwaka wa 1977, alieleza dhana ya imani ya mtu juu ya uwezo wake mwenyewe wa kutenda jambo mahususi. Alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: kufaulu kwa vitendo, kumwona mwenzako akifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na hisia wakati wa kutenda. Dhana hii inafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu inaonyesha kwamba kujiamini hakuzaliwi na mtu. Hujengwa, na kinachojengwa huweza pia kubomoka.

Tuseme vyanzo hivyo viletwe katika idara ya Kiswahili. Chanzo cha kwanza ni kufaulu kwa vitendo. Mhadhiri aliyekwepa maswali magumu kwa miaka kumi bila ya kuumbuka hupata imani kubwa, lakini ni imani katika kukwepa. Chanzo cha pili ni kumwona mwenzake akifaulu. Hapa pana kinaya cha kusikitisha. Mwanafunzi wa ualimu anapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, mhadhiri humfuata hadi shuleni, akaketi nyuma ya darasa, akaandika na kumkosoa. Mhadhiri huyohuyo akirudi chuoni hufunga mlango wa ukumbi wake, na huenda akastaafu bila ya mwenzake hata mmoja kuwahi kumwona akifundisha, wala yeye kuwaona wenzake. Maarifa ya namna ya kulituliza darasa lililogawanyika kwa kicheko au kwa hasira hufia katika vyumba tofauti vya jengo moja.

Chanzo cha tatu, kutiwa moyo, kimeachiwa fomu za tathmini za mwisho wa muhula. Mara nyingi fomu hizo huuliza iwapo mhadhiri alifika kwa wakati na iwapo silabasi ilikamilika. Ni vigumu kuiona inayouliza iwapo mwanafunzi aliwahi kuogopa kufungua kinywa kwa sababu ya lafudhi yake. Chanzo cha nne, yaani moyo kudunda na jasho la kiganja, hakizungumzwi kabisa, maana msomi huchukuliwa kuwa mtu asiyetetemeka.

Kutokana na hali hiyo, yafaa kutofautisha mambo matatu ambayo kwa mbali hufanana. Mhadhiri mwenye woga husoma nukuu zake kuanzia mwanzo hadi mwisho, asije akaulizwa. Mwenye kiburi huruhusu swali, kisha humkejeli aliyeliuliza. Mwenye kujiamini huliacha swali limguse, akalipa nafasi, akalirudisha darasani likiwa limekuwa somo. Wote watatu huweza kusimama wima na kuzungumza kwa sauti kubwa. Tofauti yao huonekana pale tu mkono wa mwanafunzi unapoinuka.

Mkono Unapoinuka

Chukulia kwamba somo ni utenzi wa Fumo Liyongo, ule uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913. Mhadhiri ameeleza sifa za shujaa, nguvu zake, usaliti wa mwanawe na sindano ya shaba iliyodungwa kitovuni. Mwanafunzi kutoka bonde la Mto Tana anainua mkono na kusema kwamba Wapokomo nao wana masimulizi yao juu ya Liyongo, na kwamba katika masimulizi aliyoyasikia kwao, mtu huyo hatokei kuwa wa kusifiwa bali ni mtawala mwenye mkono mzito.

Mwenye woga atajibu kwamba hayo hayamo katika utenzi. Mwenye kiburi atasema kwamba hizo ni ngano za kijijini. Mwenye kujiamini atamwomba mwanafunzi huyo ayalete masimulizi hayo wiki inayofuata, kisha aliulize darasa swali ambalo ndilo roho ya fasihi ya mashujaa: shujaa ni shujaa kwa nani? Mhadhiri hakuhitaji kuyajua masimulizi ya Wapokomo kabla ya siku hiyo. Alihitaji kujua tu la kufanya nayo.

Jambo hili lina mizizi katika historia ya elimu ya nchi hii. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kwamba Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe na mahali pake pawekwe idara itakayoiweka Afrika katikati, huku fasihi simulizi ikipewa nafasi ya msingi. Pendekezo hilo lilisema, kwa ufupi, kwamba alichokiacha mwanafunzi nyumbani ni elimu. Itakuwa kinaya iwapo idara za Kiswahili, ambazo hazikuhitaji kuvunjwa ili ziwe za Kiafrika, zitamfungia mwanafunzi mlango ambao wenzao waliupigania.

Mfano wa pili unahusu lugha yenyewe. Mhadhiri aliyelelewa bara anaeleza uundaji wa maneno na kusema kwamba "mwanachuoni" ni mwanafunzi wa chuo. Mwanafunzi wa Lamu anatabasamu, kisha anaeleza kwa upole kwamba mwanachuoni ni mtu aliyebobea katika elimu, hasa ya dini, na kwamba katika matumizi ya kale "chuo" ni kitabu. Kwa sekunde chache ukumbi mzima humtazama mhadhiri.

Sekunde hizo ni nzito kuliko zinavyodhaniwa. Wahadhiri wengi wa Kiswahili nchini Kenya hawakuzaliwa na lugha hii. Waliisoma, wakaiandikia tasnifu na kuitolea maisha yao. Licha ya hayo, hubeba hofu ya siri kwamba siku moja atatokea kijana wa mwaka wa kwanza aliyeinyonya lugha hiyo kwa mamake na kuwaumbua. Upande wa pili, wapo wahadhiri wa pwani ambao kwao mwanafunzi wa bara ni mgeni asiyehamia, na kila akosapo huambiwa kwamba Waswahili hawasemi hivyo, basi. Woga wa yule na ukali wa huyu vina chimbuko moja, nalo ni dhana kwamba Kiswahili kina mwenyewe mmoja, na kwamba asiye mwenyewe ni mwizi.

Historia inaikanusha dhana hiyo. Mkutano ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa mwaka wa 1928, katika mji wa Kimvita. Kimvita kikaachwa nyumbani kwake chenyewe. Kuanzia siku hiyo, hata mzaliwa wa Mombasa huingia darasani akiwa na jambo la kujifunza: huacha "mato" akaandika "macho", na huacha "kuteka" akaandika "kucheka". Kwa maneno mengine, mbele ya Kiswahili sanifu hakuna mwenyeji kamili, na mhadhiri akilielewa hilo hatakuwa na haja ya kumwogopa mwanafunzi wa Lamu wala ya kumdharau mwanafunzi wa Kuria. Atamshukuru wa kwanza kwa "chuo", aandike neno hilo ubaoni, na somo la semantiki litakuwa limepata mfano ambao hakuna kitabu kingeutoa vizuri zaidi.

Hata hivyo, kuna mtego wa kukwepa. Mhadhiri akishagundua hazina iliyoko darasani huweza kuwageuza wanafunzi wachache kuwa kamusi na wajumbe. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858, ukifika mezani, humwelekea msichana mwenye buibui na kumtaka awaeleze wenzake Uislamu unasemaje kuhusu ndoa. Msichana huyo huenda alikuja kusoma sintaksia. Wakati huohuo, darasani yupo mwanafunzi ambaye kwake wosia huo ni nasaha hai za mama kwa bintiye, yupo anayeuona kama pingu kwa mwanamke, na yupo asiyewahi kuisoma dini hiyo hata ukurasa mmoja. Mhadhiri mwenye woga huwatazama wote hao, akaamua kuhesabu mizani. Mizani nane katika kila kipande ni mahali salama. Hapana anayekasirishwa na hesabu. Lakini mwanafunzi anayefundishwa mizani pasipo maana ni kama aliyeonyeshwa mashua juu ya mchanga akaambiwa ameijua bahari.

Mfano wa tatu ni kicheko. Mwanafunzi aliyetoka Lubumbashi anatoa maelezo mbele ya wenzake na kusema "batoto". Ukumbi unaangua kicheko. Huenda anayecheka kwa sauti kuliko wote ni Mbukusu, ambaye nyumbani kwao watu huitwa "babandu". Mhadhiri asiyejiamini hucheka nao, au hujifanya hakusikia, au humsahihisha msemaji upesi na kuendelea. Lau angetua kidogo, angeona kwamba kicheko hicho kimemletea somo la isimu historia. Kiambishi ba- ndicho kilichojengewa upya na wanaisimu kuwa umbo la kale la ngeli ya watu katika lugha za Kibantu, nacho kinaonekana katika Kiganda, katika Kibukusu na katika lugha nyingine nyingi. Mkongo yule hakuharibu Kiswahili; alikuja na kipande cha ukoo wa Kiswahili ambacho wanaomcheka wanacho majumbani mwao. Dakika tano za maelezo hayo zingemrudishia heshima yake, na zingewafundisha wacheka zaidi ya mhadhara mzima wa nukuu.

Kipo kicheko kibaya zaidi. Mada ya nyimbo za jandoni katika fasihi simulizi huwafanya wanafunzi ambao jamii zao hazikuwa na desturi ya kutahiri kuwa shabaha ya mizaha. Mizaha hiyo si ya mchezo katika nchi ambayo, baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka wa 2007, watu waliuawa na kufukuzwa kwa sababu ya kabila. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka wa 2008 iliharamisha matamshi ya chuki, na ikaagiza kwamba taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, sheria huhesabu majina katika orodha ya mishahara; haihesabu ni nani anayecheka na ni nani anayechekwa katika ukumbi wa mihadhara saa nne asubuhi. Hesabu hiyo imeachiwa mhadhiri peke yake, naye akiikimbia mada yenyewe, mizaha huhamia bwenini ambako hakuna wa kuipatia jibu.

Hoja za Upinzani

Wapo watakaosema kwamba msimamo huu unahatarisha Kiswahili sanifu. Ikiwa "batoto" na "mato" vitapokewa kwa heshima, mtihani utasahihishwaje? Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Kulieleza umbo si kulipa alama. Mwanafunzi aambiwe waziwazi kwamba katika insha rasmi ataandika "watoto", na aelezwe ni kwa nini: ni makubaliano yenye historia, hayakutolewa ili kuihukumu nyumba aliyotoka. Mwanafunzi anayeujua mpaka na sababu yake huulinda vizuri zaidi kuliko aliyecharazwa kwa kuuvuka.

Wengine watasema kwamba darasa lina watu mia tatu, kipaza sauti kibovu, na mhadhiri wa muda ambaye jioni hiyohiyo anakimbilia bewa jingine. Hilo ni kweli, na lawama yake haimwendei mhadhiri pekee. Chuo kinachomlipa mtu kwa saa za kusema hakiwezi kushangaa anaposema tu asisikilize. Hata hivyo, wingi haufuti wajibu, huubadilisha umbo. Katika ukumbi wa watu mia tatu si lazima kila mmoja azungumze. Yatosha anayezungumza asidhalilishwe, maana wale wengine mia mbili tisini na tisa wanapima kwake iwapo siku moja nao watathubutu.

Hoja ya tatu ndiyo nyeti zaidi, nayo ni heshima. Inadaiwa kwamba mhadhiri akikiri mbele ya vijana kuwa hajui, cheo chake kitaporomoka. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mkubwa hakosolewi hadharani, na yapo mafunzo ya kweli katika adabu hiyo. Vivyo hivyo, ukimya wa mwanafunzi asiyemtazama mkubwa usoni huenda ukawa ni adabu wala si ujinga, na mhadhiri anapaswa kuusoma hivyo. Lakini kuna tofauti baina ya kukosolewa na kujulishwa. Mhadhiri anaposema, "Hilo sikulijua, litafutieni ushahidi," hajashuka. Ameonyesha jinsi elimu inavyopatikana. Aliyejidai kujua akaja kugunduliwa baadaye ndiye hasa hupoteza heshima, nayo hupotea kimyakimya katika vikao vya wanafunzi ambavyo yeye hahudhurii. Kuuliza si ujinga. Methali hiyo haikusema kwamba inawahusu wadogo peke yao.

Nini Kifanyike?

Mapendekezo yanayofaa si ya gharama kubwa. Kwanza, idara zifungue milango. Wahadhiri wawili wakubaliane kutembeleana darasani mara moja kwa muhula, bila ya ripoti kupelekwa kwa mkuu wa idara, kisha wazungumze kuhusu walichokiona juu ya kikombe cha chai. Kile wanachowafanyia wanafunzi wa ualimu wajifanyie na wao.

Pili, katika wiki ya kwanza ya muhula mwanafunzi aandike kwa karatasi, kwa siri kati yake na mhadhiri, alikojifunzia Kiswahili, lugha nyingine anazozizungumza na jambo analoliogopa katika kozi hiyo. Karatasi hizo zisomwe kwa ajili ya kutayarisha mifano, wala zisitumiwe kumnyanyua mtu darasani awe msemaji wa kabila lake. Anayetaka kusimulia ya kwao atajitolea mwenyewe akiona kwamba mahali pana usalama.

Tatu, kazi za nyanjani za fasihi simulizi zipewe uzito halisi katika alama za muhula, na zirudi darasani kama matini za kusomwa badala ya kuoza katika makabati. Mwanafunzi akiona wimbo wa nyanyake umechambuliwa kwa nadharia ileile iliyotumiwa kuchambua Al-Inkishafi, hatahitaji hotuba ya kumwambia kwamba anathaminiwa.

Nne, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili visijitoe lawamani. Kicheko kinachomnyamazisha Mkongo, au Mluo anayesema "samba" akikusudia "shamba", hakitoki kwa mhadhiri. Hutoka katika viti vya wanafunzi. Chama kinachoandaa makongamano kuhusu Kiswahili kama lugha ya kuiunganisha Afrika, na kuisherehekea Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai, hakiwezi kuwa na wanachama wanaocheka Kiswahili cha Afrika hiyohiyo kinapofika mlangoni.

Haya yote yana haraka. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika shule za Kenya mwaka wa 2019, unamtaka mtoto auliza, atende na alete mifano ya mazingira yake. Watoto hao watabisha hodi vyuoni, nao hawatakuwa na subira na nukuu zilizosomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tamati

Wanafunzi wengi wa Kiswahili katika vyuo vikuu nchini ni walimu watarajiwa. Tume ya Huduma za Walimu huenda ikampeleka mmoja Wajir, mwingine Kwale na mwingine Pokot Magharibi. Huko kila mmoja atasimama mbele ya watoto ambao si wa lugha yake, pengine si wa dini yake, akiwa na kipande cha chaki na kumbukumbu za jinsi alivyofundishwa. Aliyechekwa na akaachwa bila ya kutetewa atajua kucheka. Aliyeona mhadhiri wake akilipokea neno geni, akaliandika ubaoni na kuliuliza lilikotoka, atakuwa na la kufanya siku ambayo mtoto wa darasa lake atasema neno ambalo hajawahi kulisikia.

Kitana basi hakitafutwi katika joho wala katika shahada. Hakuna hata kimoja kinachofaa nywele zote. Mhadhiri anayejiamini huuliza kwanza nywele hizo husukwa vipi kwao, na akijibiwa husikiliza.